Chuma cha Kisogoni

Jumanne, 2 Februari 1999

Suruali nne za mitumba leo, zote za wanaume warefu wa Ulaya. Nimekata, nimepinda. Mwanaidi, binti yangu, chini ya meza ya cherehani, chali, mikono ubavuni, macho juu. Sheria ni moja: hatikisiki mpaka pindo liishe. Kwenye suruali ya tatu amejikuna pua. Tumeanza upya. Amelia. Nimemwacha alie bila kutikisika, maana hilo nalo lazima aliweze.

Mavyaa alikuwa kwenye mkeka wake, ananitazama kama mwizi. Huyu ni mama yake Salehe, mume wangu. "Weye wamlaza mwanangu kimaiti," akasema. "Uchuro huo." Kisha akajisogeza, akamshika mtoto kidole gumba cha mguu na kunong'ona dua zake, ati roho isipotee njia. Kila tukifanya zoezi anafanya hivyo. Nimemwambia mashine ya Nairobi haina nafasi ya bibi. Hakunijibu. Mimi huwa hanijibu. Humjibu mwanawe, jioni, kwa mafumbo, na mimi nipo.

Simpendi. Naliandika leo nisije nikajidanganya kesho. Alikuja kutoka Mkwaja baada ya Idi, kumtazama mgonjwa, na sanduku lake sasa limekuwa samani ya nyumba hii.

Alhamisi, 4 Februari

Ametapika tena asubuhi kabla hata ya chai. Anatembea kama mlevi, mguu wa kulia unakwenda kwake. Mtoto wa jirani alimwiga barabarani. Nimemzaba kofi. Mama yake akaja juu. Nikamwambia zamu yake inafuata.

Kisha hospitali. Dk. Mhina amenieleza tena na safari hii nimeelewa. Si kwa wema wake. Nilimganda mlangoni.

Picha waliyompiga Dar ilionyesha uvimbe nyuma ya kichwa, kwa chini, pale panapomfanya mtu asimame asiyumbe. Uvimbe upo, hilo limekwisha. Ila picha ile haisemi ni uvimbe gani. Kuna wa namna mbili. Mmoja umeshonana, umejaa, hata maji ya mwilini hayapati pa kupita ndani yake. Mwingine ni mlegevu, maji yanatembea. Kama soko la Ngamiani, akasema, siku ya kuamkia Idi na siku ya kawaida. Ile mashine ya Nairobi ni sumaku kubwa, na siku hizi wameitia ufundi mpya wa kupima maji yanavyotembea. Pakiwaka weupe, yamebanwa. Pakiwa peusi, yanatembea.

Kama ni mlegevu, mpasuaji wa kule anafungua kichwa, anautoa, mtoto anarudi shule. Kama umeshonana, hafungui. Anaweka mrija wa kupunguza maji, halafu mionzi, halafu tungoje. Tungoje nini, hakusema. Nami sikumuuliza, maana nilikuwa nimeshamchukia vya kutosha kwa siku moja.

Dawa ya usingizi hawampi. Kichwa kimebana, anaweza asiamke. Kwa hiyo lazima alale macho, ndani ya tundu, bila kujitikisa. Akitikisika, picha inakuwa ukungu na kazi imeharibika. "Na inagonga, mama," akasema, "inagonga kama cherehani." Yeye alisema kwa mzaha. Mara ya kwanza alipolisema hilo, mimi nilirudi nyumbani nikasogeza meza nimpatie pa kulala.

Jumapili, 7 Februari

Mavyaa amemsuka. Kusuka mimi siwezi, nasuka kama nafunga gunia. Tangu Mwanaidi anaota nywele, kichwa chake ni cha bibi yake. Akiwa Mkwaja husukwa huko, akiwa hapa hungoja bibi aje. Wanakaa nyuma ya nyumba, mtoto katikati ya magoti yake, wanacheka. Na mimi sichekewi.

Nimewatangazia wote: hakuna chuma. Pini, kishaufu, kitu chochote cha chuma hakiingii kwenye sumaku ile. Nikamkagua mtoto mbele ya mavyaa, shingoni, mkononi, kiunoni. Kiunoni nikakuta hirizi ya ngozi. Nikaikata kwa mkasi wa kazi.

Mavyaa aliiokota, akaibusu, akaifunga kwenye pembe ya kanga. Hakusema neno. Ningependa angesema, nikapata pa kuanzia.

Jumatano, 10 Februari

Umeme hakuna, mgao. Shukuru cherehani langu la miguu halimjui mtu wa umeme.

Tangu kiwanda kiuzwe na wapunguzwe kazi, Salehe anakaa barazani na radio isiyo na betri. Nimemwambia mama yake arudi kwao kabla ya safari. Akasema, mama ni mama. Nikamwambia hilo nalijua, mimi pia ni mama, na mtoto anayekufa ni wangu.

Sijawahi kulitamka neno hilo. Mwanaidi alikuwa chini ya meza. Hakutikisika.

Jumatatu, 15 Februari

Tunaondoka. Kiinua mgongo cha Salehe kimegeuka kuwa tiketi na kipimo, basi, sitaki kukisikia tena. Barabara ya Horohoro mvua za mwaka juzi ziliila, haijatengenezwa. Mtoto na kichwa kile kwenye mashimo yale.

Mavyaa alikuwa amevaa buibui la safari, kifurushi mkononi. Nimemwambia haendi.

"Mguu atamshika nani?"

Nikamwambia mikono ninayo. Akavua buibui palepale mlangoni, taratibu, mbele ya majirani wote waliokuja kutuaga. Anajua kuvua buibui yule mwanamke. Nimeona aibu mpaka Mombasa.

Jumanne, 16 Februari

Naandika kwenye benchi la hospitali, Nairobi. Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira. Wacha itoboe.

Waliniuliza kama mtoto ana chuma chochote. Nikasema hana. Wakanipekua na mimi, kwa kuwa nilitaka kuingia naye. Kifuani kwa gauni nilikuwa na sindano mbili nilizozichomeka nikazisahau, kama mafundi wote. Yule kijana wa mashine akanitazama. Akaniacha nje ya kioo. Salehe akasema ataingia yeye, nikamwambia akae chini, atazirai.

Basi akaingia peke yake. Mashine ikagonga. Si cherehani ile, ni mafundi bati. Nikasikia sauti yake kwenye kile kipaza sauti: "Mama, kuna mtu ananivuta kisogo."

Nikamwambia, nyamaza, usitikisike.

Akanyamaza. Kipimo chote alinyamaza. Alipotoka, machozi yalikuwa yamejaa masikioni, kwa sababu alilia chali. Hakutikisika hata mara moja. Kijana wa mashine mwenyewe alisema hajaona mtoto wa namna hii.

Daktari, mwanamke mrefu, akaniita kwenye kioo cha picha. Nikaona nyuma ya kichwa peusi. Peusi tii. Nikapiga kelele, Alhamdulillahi, maji yanatembea! Nikamkumbatia yule mwanamke, nisiyemjua.

Akanishika mabega akanitoa. Akasema mama, weusi huu si wa maji. Akanionyesha, kingo zimepinda, kama plastiki iliyokaribia moto. Hapo hapaonyeshi uvimbe wala ubongo. Ni shimo la picha. Hivi hufanya chuma. "Mtoto wako ana chuma kisogoni."

Nikaapa kwa Mungu hana. Tukamfumua nywele zote, unywele kwa unywele, tukapitisha kitana. Hakuna kitu. Daktari akasema wagonjwa wengine wanangoja, mashine ni moja. Rudini nyumbani, kitafuteni, kitoeni, kisha mnipigie simu niwapangie siku.

Salehe alilia. Mimi sikulia. Nilikuwa namfikiria mama yake.

Alhamisi, 18 Februari

Tumefika mchana. Sijanywa hata maji. Nikachukua wembe, nikamkalisha Mwanaidi uani, nikamnyoa. Mavyaa alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni. Mtoto alikuwa analilia nywele zake.

Kisogoni, chini kabisa, zilipofichwa na nywele, chale tatu. Fupi, za zamani, nyeusi, zimevimba kama punje za mtama. Nikaleta sumaku yangu ya kuokotea sindano. Nikaisogeza.

Ngozi ya mwanangu ikainuka.

Vijistari vitatu vikaja juu kuifuata sumaku, na Mwanaidi akaruka. "Ndiye huyo! Ndiye aliyenivuta!" Salehe aliona. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliona.

Hapo sikujua tena ninachosema, lakini nakumbuka kila neno. Nilimwambia mavyaa umenichanjia mtoto kwa siri, umempaka vyuma vyako vya kiganga, umeniharibia kipimo, kama mwanangu akifa umemuua wewe. Nilimwita mchawi. Nilisema mara tatu, na ya tatu nilisimama barabarani ili mtaa mzima wa Nguvumali usikie.

Yeye alisema maneno mawili. "Si zangu."

Kisha akaanza kukunja mkeka.

Ijumaa, 19 Februari

Ameondoka na basi la asubuhi la Pangani. Sanduku limeacha alama sakafuni. Salehe alimsindikiza, karudi, hasemi na mimi. Vizuri. Nyumba ina nafasi.

Mwanaidi ameuliza bibi yuko wapi. Nimemwambia kaenda kwao. Akauliza, kwa sababu ya kisogo changu? Nikamwambia ale.

Jumapili, 21 Februari

Mama yangu amekuja kutoka Maramba na kapu la machungwa. Nilikuwa namngoja kwa hamu, nipate mtu wa kutukana naye. Mama ndiye aliyenifundisha kuyacheka mambo haya. Kwetu nilikua na aspirini na kadi ya kliniki. Majini na mafundo ya waganga tuliyaita ujinga wa watu wa pwani.

Nikamsimulia yote, na mbwembwe zake. Nilipofika kwenye sumaku nikasimama nikaonyesha. Mama alikuwa anamenya chungwa. Hakuacha kumenya.

"Zile nilimchanjisha mimi," akasema.

Salehe alikuwa mlangoni.

Ni mwaka ule nilipomwachia Mwanaidi nikaenda Dar kujifunza ushonaji. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Degedege likampanda, macho yakageuka, mwili ukakaza kama ubao. Mama alimbeba mpaka zahanati. Zahanati haikuwa na dawa hata ya kulamba, hata sindano ilikuwa uje na yako. Akampeleka kwa mganga wa jirani. Mganga akamchanja kisogoni, akampaka masizi, mafuta ya nyonyo na vumbi la tupa, lile linalodondoka mhunzi akinoa majembe.

"Na akapona," akasema mama. "Mbona hukuuliza alipona kwa nini?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungecheka."

Akanikatia kipande cha chungwa. Nikakila. Nilikuwa natafuta lile neno nililomwambia mavyaa nimwambie na mama yangu, maana haki ni haki. Halikutoka. Nikajua hapo nilivyo, na sikupendezwa.

Salehe akasema, "Sasa mchawi nani?" Ndiyo sentensi yake ya kwanza tangu Ijumaa.

Jumatatu, 22 Februari

Dk. Mhina amezikata. Kampiga ganzi, kakata kipande cha ngozi na chale zake zote, kashona nyuzi chache. Mshono mbaya, mimi ningeshona vizuri zaidi. Nimepitisha sumaku juu ya bandeji. Ngozi imetulia. Nikapitisha kwenye kile kibakuli alichotupia kipande, kikaruka kikanasa. Daktari akacheka. Nilimtazama mpaka akaacha.

Nimepiga simu Nairobi kutoka posta. Tarehe tisa mwezi ujao. Wakikosa kuipata picha siku hiyo, mpasuaji hatangoja tena, ataweka mrija tu na kumpeleka kwenye mionzi, kama vile ni ule mbaya. Amesema kichwa hakina subira.

Jumamosi, 27 Februari

Zoezi halikubali.

Wiki nzima halikubali. Anajilaza mwenyewe chini ya meza, mikono ubavuni, naanza kukanyaga, na kabla pindo halijafika nusu anainua kichwa kutazama miguuni. Nimembembeleza. Nimemfokea. Nimemwahidi kitenge. Leo nimemwita Salehe akanyage cherehani, nikakaa mkekani mimi, nikamshika kidole gumba.

"Si hivyo," akasema.

Nikamuuliza vipi basi. Akasema bibi anashika kama hashiki.

Nimejaribu kushika kama sishiki. Nina vidole vya kuvuta nyuzi, havijui kitu hicho. Na jicho lake la kushoto limeanza kwenda pembeni. Ananitazama mimi, na jicho linatazama ukuta.

Namchukia yule mwanamke. Namchukia kwa kuwa namhitaji, na hii ni mbaya kuliko ile ya mwanzo.

Jumatano, 3 Machi

Mkwaja, na kurudi mpaka Pangani. Naandika nyumba ya wageni. Miguu imejaa vumbi.

Nilimkuta uani kwake anachovya ukindu kwenye sufuria la rangi, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Nikavua viatu. Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikasema tena. Akageuza ukindu. Wanawake wawili waliokuwa wanasuka naye wakainama juu ya kazi zao kwa furaha kubwa. Shikamoo mbili bila marahaba, tena mbele ya watu. Kofi lingekuwa na adabu zaidi.

Nikakaa chini, juani, bila kukaribishwa. Nikangoja ukindu wote uive. Nilikuwa na maneno mazuri niliyoyapanga kwenye basi, yote yakaungua. Mwisho nikasema tu, chale zilikuwa za mama yangu. Nilikosea. Naomba radhi.

Akapangusa mikono.

"Za mamako nalijua," akasema. "Nliziona tangu mtoto yuwarudi toka Maramba, siku ya kwanza nlipomsuka. Nkajua zatoka kwenu. Dawa ya kwa watu mie siulizi."

Miaka mitano! Miaka mitano vidole vyake vimepita juu ya zile chale, kila alipomsuka, na kwa heshima hakuuliza. Na mama yangu kwa aibu hakusema. Na mimi kwa kiburi sikuwahi kushika kichwa cha mwanangu. Nilikasirika palepale, katikati ya kuomba radhi. Nikamwambia, ungeuliza! Siku ile ya hirizi nilipokuwa nakagua, ungesema tu, mtazame na kisogoni!

"Ulinambia chuma," akasema. "Mie nliona masizi. Na ningesema ungenisikia?"

Nisingemsikia. Sikumwambia hivyo, lakini alikuwa anajua.

Nikamweleza lililobaki. Tarehe tisa. Mtoto hatulii. Anataka mguu wake ushikwe, na mimi sijui kuushika.

Akafunika sufuria la rangi. Kisha akasema radhi haiji na basi ikarudi na basi, kwa hiyo nisidhani amenisamehe. Hakunisamehe. Yuaja kwa mguu wa mjukuu wake, si kwa mdomo wangu.

Nikasema ahsante. Akasema si ya kwako.

Jumamosi, 6 Machi

Cherehani. Mavyaa mkekani. Suruali tatu, mapindo sita, Mwanaidi kama gogo. Nimekanyaga mpaka goti limeuma.

Hatuzungumzi. Chumvi akiitaka anamtuma mtoto, na mtoto anakwenda ameshika ukuta.

Jumanne, 9 Machi

Nairobi. Tumekuja watatu, wanawake watupu. Salehe kabaki, nauli haikutosha na yeye hakubisha.

Yule kijana alimkumbuka Mwanaidi. Safari hii nilikuja na gauni lisilo hata na kifungo. Akasema mmoja anaweza kuingia, mradi awe hana chuma. Nikasema bibi yake.

Mavyaa akavua bangili. Akavua herini. Kijana akaonyesha pua. Kipini.

Kipini cha dhahabu. Nikamwambia kijana dhahabu haivutwi na sumaku, nimejaribu. Akasema hajui ndani yake kuna nini na hataki kujua, kitoke au atoke. Mavyaa akashika pua. Kipini kile kimekaa tangu siku ya harusi yake, akasema, marehemu ndiye aliyemvisha, na hakijapata kutoka. Akakizungusha. Hakikusogea. Alijaribu mpaka macho yakatoa maji. Mwanaidi keshalazwa, yuangoja.

Ndipo akanigeukia. Aliinua tu uso.

Nikaomba sabuni. Nikamshika mavyaa wangu pua. Nilikuwa sijawahi kumgusa uso, tangu niolewe. Ana ngozi laini. Nikapaka povu, nikaingiza kucha nyuma ya kipini, nikavuta. Mimi nashona kwa riziki, najua kitu kilichoshikana na nguo kinavyotoka: si kwa nguvu, kwa kukigeuza kidogo kidogo. Kikatoka na tone la damu. Hakulia. Akajipangusa kwa kanga, akaingia.

Nikabaki nje ya kioo na kipini mkononi. Mashine ikaanza kugonga. Mtoto simwoni, naona nyayo tu zimetokeza, na mavyaa kaketi, kainama, kashika kile kidole. Kama hashiki. Midomo inakwenda. Kwenye kipaza sauti hakukuwa na sauti ya mtu yeyote.

Nilikazana kutazama nyayo. Hazikutikisika.

Picha imetoka safi, kijana amesema. Safi haina maana ya nzuri. Daktari atasoma kesho.

Jumatano, 10 Machi

Peusi.

Nilinyamaza safari hii. Nikamngoja daktari aseme mwenyewe. Akaonyesha uvimbe, na kingo zake zote, nzima, hazikupinda. Akasema huu sasa ni weusi wa maji. Yanatembea. Ni ule mlegevu. Mpasuaji ameona, anafungua.

Mavyaa akaniuliza kasemaje, kwa sababu daktari alichanganya Kiingereza. Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu Mkwaja. Nikamwambia, soko halijajaa, watu wanapita. Akanitazama kama mwenda wazimu. Nikamwambia, watamkata, atapona.

Akasema Inshallah umeisahau.

Nikasema Inshallah.

Jumatano, 17 Machi

Wamemfungua leo. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri imepita. Mavyaa upande mmoja wa benchi, mimi upande wa pili, katikati yetu chupa ya chai ambayo hakuna aliyeimimina. Mpasuaji ametoka na kofia kichwani, akasema wameutoa wote unaoonekana.

Nimeruhusiwa kumwona. Kichwa kimefungwa, midomo imevimba. Amefinya kidole changu nilipomwambia afinye.

Mavyaa hakwenda kichwani. Alikwenda miguuni.

Jumamosi, 5 Juni

Nyumbani. Mvua za asubuhi, jua mchana. Magauni mawili na sketi ya shule, ya Mwanaidi mwenyewe, nimeipunguza kiuno. Ataanza muhula ujao. Anatembea kwa kushika ukuta, ila siku hizi anauacha ukuta akidhani simwoni. Maneno yanatoka taratibu, anayavuta. Jicho limerudi mahali pake. Nywele zimeota kidogo, hazijafika kusukwa, na nyuma kuna mshono mrefu ambao naupaka mafuta mwenyewe kila asubuhi. Sasa kichwa hiki nakijua.

Mavyaa bado yupo. Sanduku limerudi kwenye alama yake. Jana tumegombana kuhusu uji, leo kuhusu dirisha. Hajanisamehe, na kila akipata nafasi ananikumbusha. Shikamoo zangu anaziitikia, lakini anachelewa makusudi, nimehesabu moyoni.

Kipini chake kimo kwenye kopo langu la vifungo. Tuliporudi nilitaka kumvisha, tundu lilikuwa limeziba. Nilimwambia nitoboe upya, sindano ninazo. Akasema aliyekitia hayupo, kikae tu.

Alasiri nilikuwa napinda sketi. Mwanaidi akaja akatambaa chini ya meza, akajilaza chali, mikono ubavuni. Nikamwambia mazoezi yamekwisha mwanangu, hakuna mashine tena. Akasema anajua. Mavyaa akasogea na mkeka wake, akashika mguu. Nilitaka kusema kitu kuhusu uchuro, nikaacha.

Wamelala wote wawili, mtoto kwanza, kisha bibi akiwa amekaa, mkono bado uko pale kwenye kidole. Pindo limekwisha. Nimekata uzi, nimetoa sketi, nimeiweka kando. Nilipoacha kukanyaga, Mwanaidi akatikisika.

Basi nikaendelea kukanyaga, bila nguo, bila uzi.